Jibu: Je, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili ahudhurie utetezi wa tasnifu za fizikia?

Ndugu mleta mada, heshima kwako.

Umeandika kwamba idara yenu ya fizikia imetoa ratiba ya majuma yajayo yenye mihadhara mitatu ya wageni, mmoja kuhusu nyota za nyutroni, wa pili kuhusu kompyuta za kwanta na wa tatu kuhusu mawimbi ya mvutano, pamoja na vikao viwili vya utetezi wa tasnifu za uzamivu, kimoja cha nadharia ya ulimwengu wa awali na kingine cha tando nyembamba za seli za jua. Wewe uko mwaka wa kwanza wa uzamili, wenzako wanakwambia kwamba utakaa bila kuelewa lolote na kwamba ni heri ukajisomee maktabani, na unauliza kama kuna faida ya kuhudhuria, ujiandae vipi, na kama mtu wa ngazi yako anaruhusiwa kuuliza swali. Nimehudhuria vikao hivi tangu nilipokuwa katika ngazi yako, nikapita mwenyewe mbele ya watahini, na siku hizi huketi mara kwa mara upande wa wanaouliza, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Nenda. Na kama muda hautakutosha, ni afadhali ukose mhadhara kuliko kukosa utetezi. Mhadhara wa mgeni hukuonyesha kazi iliyokwisha kupangwa na kusafishwa, ambayo mwenyewe ameieleza mahali pengi na anajua pa kupita haraka. Katika utetezi, kazi ileile hufunguliwa mbele yako na watu walioisoma ukurasa kwa ukurasa, na mwenye kazi hana ruhusa ya kukwepa. Vitabu vya kiada havikuonyeshi jambo hilo, maana vyenyewe huandikwa baada ya mabishano kwisha.

Hofu ya kutoelewa inatokana na kudhani kwamba maswali ya watahini ni magumu kuliko tasnifu yenyewe. Mara nyingi ni kinyume chake. Katika kikao kimoja ninachokikumbuka vizuri, mtahiniwa alikuwa amepima ukinzani wa utando mwembamba wa metali katika halijoto zinazoshuka hadi karibu na sufuri halisi, yaani halijoto ya chini kabisa inayowezekana. Wasilisho lilikwenda vizuri, lenye hesabu nzito ambazo nadhani robo tatu ya ukumbi haikuzifuata. Mtahini wa nje alipopewa nafasi, aliomba tu arudishiwe slaidi ya tatu, iliyokuwa na grafu ya nukta na vistari vidogo vya wima vinavyoonyesha kosa la kipimo. Akauliza: «Umetuambia kwamba upande huu wa halijoto ya chini ulipunguza mkondo hadi theluthi moja ili usiipashe joto sampuli. Mbona basi vistari vya kosa vina urefu uleule kama vya upande wa pili?»

Mtahiniwa hakujibu papo hapo. Alikwenda ubaoni, akachora sakiti yake yenye miguso minne, miwili ya kupitisha mkondo na miwili ya kupimia volteji, kisha akaeleza kwamba kelele ya volteji ilibaki ileile, hivyo kwa mkondo wa theluthi moja kosa la ukinzani lingekuwa mara tatu. Ndiyo sababu, akasema, katika sehemu hiyo alichukua vipimo mara tisa zaidi kwa kila nukta, kwa kuwa kosa la nasibu hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Mtahini akaendelea: na ulijuaje kwamba hata mkondo huo mdogo haukuipasha joto sampuli? Akajibu kwamba katika kila halijoto alirudia kipimo kwa nusu ya mkondo, na ukinzani haukubadilika kupita mipaka ya kosa, na akataja jedwali la kiambatisho ambamo namba hizo zimo.

Tazama kilichoulizwa hapo. Sheria ya Ohm, joto linalotokana na mkondo, na wastani wa vipimo vingi. Yote hayo unayajua tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya awali. Usichokuwa nacho bado ni tabia ya kuyaelekeza kwenye grafu ya mtu mwingine na kudai jibu, na tabia hiyo huingia kwa kuwaona wengine wakiifanya.

Kisa cha Werner Heisenberg kinaonyesha kwamba maswali haya ya msingi si ya kudharauliwa hata na wenye vipaji vikubwa. Mwezi Julai 1923, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia kwenye mtihani wa mdomo wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha München, na tasnifu yake ilikuwa ya nadharia ya misukosuko katika vimiminika, chini ya usimamizi wa Arnold Sommerfeld. Wilhelm Wien, profesa wa fizikia ya majaribio, alimuuliza kuhusu uwezo wa kupambanua (yaani wa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu sana) wa intaferomita, chombo kinachopima kwa kuchanganya mawimbi ya mwanga, kisha wa hadubini, kisha jinsi betri inavyofanya kazi, na Heisenberg akashindwa. Wien hakutaka afaulu. Sommerfeld alimwona kuwa mwanafunzi wa pekee. Matokeo yakawa alama ya wastani iliyomfadhaisha kijana yule. Mwaka 1927, alipoeleza kanuni ya kutokuwa na uhakika, isemayo kwamba mahali na kasi ya chembe haviwezi kujulikana kwa usahihi kamili kwa pamoja, kwa mfano wa hadubini ya miale ya gama, Niels Bohr ndiye aliyelazimika kumsahihisha, na jambo lililohitaji kusahihishwa lilikuwa uwezo wa kupambanua wa hadubini, lilelile aliloulizwa na Wien miaka minne kabla. Ukimsikia mtahini anauliza swali linaloonekana la kitoto, usicheke pamoja na wanaocheka nyuma ya ukumbi, liandike.

Swali zuri la mtahini laweza pia kuifungulia tasnifu njia. Louis de Broglie alipotetea tasnifu yake mjini Paris mwezi Novemba 1924, akidai kwamba elektroni nazo zina tabia ya wimbi, Jean Perrin, mmoja wa watahini, alimuuliza mawimbi hayo yangethibitishwaje kwa majaribio. De Broglie alijibu kwamba elektroni zikipita katika fuwele zinapaswa kutawanyika kama miali ya eksi inavyotawanyika. Mwaka 1927 Davisson na Germer nchini Marekani, na George Thomson nchini Uingereza, waliona jambo hilohilo kwa macho ya vipimo, na mwaka 1929 de Broglie akapewa Tuzo ya Nobel.

Kisa hicho kinanileta kwenye mihadhara, ambayo sitaki uidharau kwa sababu ya niliyoyasema juu. Tasnifu hiyohiyo ya de Broglie ilifika Zürich, na Peter Debye akamwomba Erwin Schrödinger aieleze kwenye semina ya wanafizikia wa mji huo. Felix Bloch, aliyekuwepo wakati huo akiwa mwanafunzi, alisimulia baadaye kwamba Debye alisema kuzungumzia mawimbi namna ile ni jambo la kitoto, kwa kuwa anayetaka kushughulika na mawimbi sharti awe na mlinganyo wa wimbi. Majuma machache baadaye Schrödinger alirudi na mlinganyo, na makala zake zikatoka mwaka 1926. Bloch alikuwa mwanafunzi tu ukumbini, na nina hakika hakuyafuata yote siku ile. Lakini alisikia ni wapi mkubwa wa fani aliona pengo, na kusikia hivyo kwatosha kukupa mwelekeo hata kama hesabu zimekupita.

Sasa maandalizi. Usijaribu kuisoma tasnifu nzima. Itakukatisha tamaa na hutaimaliza. Soma ikisiri, kisha sura ya utangulizi, kisha hitimisho, halafu rudi uziangalie grafu peke yake pamoja na maelezo yaliyo chini yake. Kwa kila grafu jiulize mhimili wa chini unapima nini, wa wima unapima nini, na mtu angefanyaje ili kupata nukta moja tu miongoni mwa nukta zile. Ukiweza kujibu hilo la mwisho kwa grafu mbili, utafuata sehemu kubwa ya maswali ya utetezi ule wa tando za seli za jua. Utetezi wa nadharia unahitaji njia nyingine: tafuta ni makisio gani yamefanywa ili hesabu ziwezekane, na ni namba gani inayotoka mwishoni inayoweza kulinganishwa na kitu kilichopimwa. Katika kazi za ulimwengu wa awali kitu hicho huwa mara nyingi ni mnururisho wa usuli, yaani mabaki ya mwanga wa ulimwengu ulipokuwa mchanga, ule uliogunduliwa na Penzias na Wilson na kutangazwa mwaka 1965, wenye halijoto ya takriban kelvini 2.7. Ukiingia ukijua jambo hilo moja, utatambua kwa nini maswali yanarudi huko kila mara. Tasnifu kwa kawaida huwekwa mahali inaposomeka kabla ya siku yenyewe. Muulize katibu wa idara.

Ukiwa ukumbini, gawa karatasi yako sehemu mbili. Upande mmoja andika maneno usiyoyajua, bila kusimama kuyafikiria. Upande wa pili andika maswali ya watahini kama yalivyotamkwa, na jibu kwa sentensi moja. Mimi ninayathamini zaidi madaftari yangu ya upande huo wa pili kuliko maandishi mengi ya darasani. Sikiliza hasa namna mtahiniwa anavyoliwekea hitimisho lake mipaka, yaani pale anaposema kipimo chake kinaruhusu dai hili na hakiruhusu lile. Mipaka nayo yaweza kuwekwa pasipostahili: Cecilia Payne, katika tasnifu yake ya mwaka 1925, alikuta kwamba haidrojeni ni nyingi mno katika nyota kuliko elementi nyingine, lakini Henry Norris Russell, mwanaastronomia mashuhuri, alimshauri kwamba haiwezekani, naye akaandika kuwa matokeo hayo huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia hitimisho lilelile kwa njia nyingine. Kila ninapomwona mtahiniwa anarudi nyuma mbele ya jina kubwa, ilhali namba zake zimesimama imara, kisa hiki kinanijia, na huwa natamani mtu amkumbushe.

Kuhusu utaratibu, uulize mapema, kwa kuwa hutofautiana sana. Nchini Uingereza mtihani wa mdomo hufanyika kwa kawaida faraghani, mtahiniwa na watahini wake tu. Uholanzi ni sherehe ya wazi yenye muda maalumu, na mshika fimbo wa chuo hutamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, hapo maswali hukoma hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Uswidi kuna mpinzani rasmi aliyealikwa kutoka nje, na nakala ya tasnifu hupigiliwa msumari ukutani majuma kadhaa kabla. Kwingine wasilisho huwa la wazi, kisha wasikilizaji hutolewa nje watahini wakaendelea peke yao. Kwa kuwa idara yenu imevitangaza vikao vyote viwili kwa umma, una haki ya kuingia. Fika kabla ya kuanza, kwa sababu mlango unaofunguliwafunguliwa humsumbua mtu aliye katika saa ngumu kuliko zote za masomo yake.

Swali lako la kuuliza swali lina majibu mawili. Kwenye mhadhara uliza, na uliza kuhusu kitu kilichoonekana: nukta iliyo mbali na mstari, kipande cha grafu ambacho mgeni alikipita. Mhadhiri mgeni hufurahi kuona kuna aliyetazama. Kwenye utetezi subiri mwenyekiti atamke kwamba wasikilizaji wamepewa nafasi. Asipotamka, nyamaza, kwa kuwa muda ule ni wa watahini na mtahiniwa. Ukipewa nafasi, swali liwe moja na fupi. Ukiona lako ni la kuomba ufafanuzi wa jambo la msingi, lihifadhi umwulize mtahiniwa baada ya matokeo kutangazwa. Watu waliotoka kwenye utetezi huwa na hamu ya kueleza kazi yao kwa yeyote anayetaka kusikiliza, na mazungumzo ya namna hiyo ukumbini, watu wakikunja nyaya za projekta, ndiyo yaliyonisaidia mimi kuchagua maabara ya kufanyia utafiti.

Kwa ratiba uliyoitaja, mimi ningehudhuria vikao vyote viwili vya utetezi, nikianza na ule wa seli za jua kwa sababu vipimo vyake unaweza kuvifikiria kwa mikono. Katika mihadhara ningechagua wa mawimbi ya mvutano. Wimbi la kwanza lililopimwa na vigunduzi vya LIGO, vituo vya Marekani vya kupimia mawimbi hayo kwa leza, Septemba 14, 2015, lilibadilisha urefu wa mkono wa kilomita nne kwa kiasi kidogo kuliko upana wa protoni, kwa hiyo mgeni hana budi kutumia muda mrefu kueleza kelele inavyotenganishwa na ishara, na hilo litakufaa ukumbini siku ya utetezi. Ratiba ikiruhusu mhadhara huo utangulie utetezi, usiukose. Ukishahudhuria, rudi hapa uandike maswali matatu uliyoyanakili na majibu yake, tuyajadili.