Mtoto Asivuke Maji Asubuhi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Sisi huku hatujambo, babako anakusalimu na anawauliza wajukuu.

Umeniuliza jambo zito na umeomba jibu lililo wazi. Mume wako amepata kazi bandarini, upande wa Kipevu. Mnahama Nakuru mwezi wa Desemba, mkubwa anaingia gredi ya nne na mdogo anaanza chekechea. Mnataka kujua mkae Nyali, mkae Mikindani au mnunue kiwanja Mtwapa na kujenga, na wapi kati ya hapo pana shule nzuri.

Nakujibu kama mama na kama mwalimu aliyemaliza utumishi wake darasani. Kodini nyumba Frere Town, au ndani ya Nyali upande unaopakana nayo, karibu na shule ambayo mtoto ataifikia kwa miguu. Kiwanja kingoje. Sasa nikueleze kwa nini, maana najua mume wako atauliza.

Mji wetu ni kisiwa, na wewe umekaa bara muda mrefu kiasi kwamba huenda umesahau maana yake saa kumi na mbili asubuhi. Kwenda kaskazini kuna njia moja tu, Daraja la Nyali lililojengwa 1980. Kwenda magharibi unapita Makupa au Kipevu. Kusini ni feri ya Likoni. Watu wote wanaolala Kisauni, Bamburi, Shanzu na Mtwapa wakafanya kazi mjini hukutana asubuhi kwenye daraja lile lile, na jioni hukutana tena. Lori likiharibika pale juu, mji mzima unasimama. Kwa hivyo mtu wa Mombasa anayetafuta nyumba hujiuliza kwanza nani katika familia atavuka maji kila siku, na uzuri wa mtaa huja baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto asivuke. Mzazi avuke. Nimefundisha watoto waliokuwa wakiamshwa saa kumi usiku ili gari la shule liwapitie. Wanafika wakiwa wamelala vitini, na ikifika saa nne, wakati wa somo linalohitaji kichwa, wamechoka. Jioni hushushwa wa mwisho wakati adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Chuo cha Qurani hawaendi, au wanakwenda wakiwa wanasinzia juu ya juzuu. Mchezo hawana. Na wazazi wao walikuwa wanalipa karo kubwa, wakiamini wamewapa watoto wao kilicho bora. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka masomo yaanze saa mbili asubuhi. Mtoto anayekaa dakika kumi kutoka shuleni anaamka saa kumi na mbili unusu, anakunywa chai yake kwa utulivu, na mwalimu anampata akiwa mzima. Zile saa mbili za usingizi zinamfaa zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye sweta.

Nimeanza na hilo kwa sababu swali lako limeuliza shule nzuri iko wapi, na watu watakutajia majina. Kizingo utasikia Aga Khan Academy. Utatajiwa Shimo la Tewa kule Shanzu, Allidina Visram, Star of the Sea na Mama Ngina. Ni majina ya haki, lakini haya manne ya mwisho ni ya watoto wakubwa. Wako wamebakiza miaka. Mfumo wa sasa ni miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, kisha mitatu ya sekondari pevu. Na sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi. Maana yake ni kwamba shule utakayomtia mdogo huenda ndiyo itakayomlea mpaka amalize gredi ya tisa, awe kijana mwenye ndevu zinazochomoza. Usiichague kwa kutazama darasa la chekechea lenye picha za rangi ukutani. Nenda katazame gredi ya nane wanasomea wapi, na kama pana chumba cha sayansi chenye maji na vifaa au ni kabati lililofungwa kufuli. Uliza nani anafundisha hisabati na sayansi, na kama ni mwalimu wa kudumu au wa mkataba anayeweza kuondoka katikati ya muhula. Gredi ya kumi ikifika mtoto atachagua njia moja kati ya tatu: sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Asiyewahi kushika chupa ya maabara hawezi kusema kwa hakika kwamba sayansi inamfaa.

Ukienda kutazama shule, usiende siku ya wageni. Nenda siku ya kawaida, katikati ya asubuhi, ujitambulishe kwa heshima ofisini na uombe kuzunguka. Omba daftari za mtoto yeyote, mwalimu asikuchagulie. Tazama kama zimesahihishwa, na kama mtoto alirudia kosa lake mpaka akapata. Daftari lenye alama za vema kila ukurasa bila neno hata moja la mwalimu linaniambia kuwa hakuna aliyelisoma. Kisha nenda vyooni. Wizara inataka choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, nawe una binti ambaye baada ya miaka michache atakuwa mwanamwali. Shule isiyo na maji chooni itampotezea siku kadhaa kila mwezi, na hakuna atakayeziandika popote.

Tazama juu pia. Mabati matupu bila dari, mwezi wa Machi, saa nane mchana, kwa joto letu hili: hapo mtoto hasomi, anavumilia. Mwarobaini uwanjani ni sehemu ya elimu, nami nasema hivyo kwa dhati.

Sasa mitaa yenyewe.

Mikindani ina hoja yenye nguvu, na mume wako atakuwa ameshaitaja: kutoka pale hadi Kipevu havuki maji, na kodi ni nafuu. Kuna familia nzuri pale na walimu ninaowaheshimu. Lakini barabara kuu ya Nairobi inapita hapo na malori ya makontena hayana mwisho. Ikiwa shule iko upande wa pili wa barabara ile, mtoto wangu haendi. Na kuna jambo la pili ambalo kila mzazi anayehamia upande ule anapaswa kulijua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, hapo hapo Mikindani, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ambacho moshi na maji yake yalimwaga madini ya risasi kwenye ardhi, na watoto wakaathirika. Kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Madini ya risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, na madhara yale hayaondoki. Sisemi Mikindani yote ina sumu, maana si kweli. Nasema popote mtakapokwenda, tembeeni mtaa mzima kwa miguu mjue nyuma ya ukuta ule mrefu kunafanywa kazi gani. Nusa hewa ya usiku, si ya mchana tu.

Mtwapa naipenda kwa upepo wake. Lakini iko Kaunti ya Kilifi, kwa hivyo msaada wa karo na huduma nyingine za kaunti mtazitafuta huko, wala si Mombasa. Na mume wako atasafiri kutoka Mtwapa hadi ng'ambo ya kisiwa, avuke daraja la Mtwapa, kisha la Nyali, kisha atoke kisiwani tena upande wa magharibi. Watoto watamwona Jumapili. Likoni hukuitaja, nami nitapita haraka: barabara ya Dongo Kundu, inayoikwepa feri, imesaidia wenye magari, lakini maisha ya familia bado yanafuata ratiba ya feri.

Kuhusu kununua kiwanja, subirini. Pwani yetu ina historia ya ardhi inayoumiza. Kuna mashamba ambayo mwenye hati hajulikani sura na waliozaliwa hapo hawana karatasi, na Kisauni yote unaijua. Kisha kuna nyumba bila ardhi, nyumba ya huyu na ardhi ya yule, ukilipa kodi ya ardhi miaka yote. Bibi zako waliishi hivyo na wakaishi kwa amani, lakini wewe usitoe akiba yenu yote kwa nyumba ambayo chini yake si yako. Siku mkitaka kununua, wakili afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi, nanyi mkakae na majirani na mzee wa mtaa mpaka mjue kiwanja kina mgogoro au hakina. Watu wa mtaa hujua kabla ya daftari la serikali.

Narudi Frere Town. Mji ule ulianzishwa 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na tangu hapo umekuwa mahali pa shule. Leo una shule za serikali na za binafsi zinazofikika kwa miguu, soko la Kongowea liko karibu, misikiti na makanisa yapo, na chuo cha Qurani mtoto anakwenda alasiri bila kupanda gari. Hilo la chuo usilifanye dogo. Mtoto anayetoka shule, akala, akaenda chuo na kurudi akicheza njiani, anajulikana na mtaa mzima, na mtaa unaomjua mtoto humlinda hata dhidi ya makundi ya vijana wa mapanga ambayo yamewasumbua watu wa Kisauni. Pale Kengeleni barabara ya Malindi ni kali, kwa hivyo nyumba na shule ziwe upande mmoja wa barabara. Hili nalisisitiza.

Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, uliza maji. Bomba letu hutegemea maji ya mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na yanakuja kwa zamu. Visima vingi vina chumvi. Muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba: maji ya bomba huja siku gani, tangi linatosha siku ngapi, mtungi wa mkokoteni ni shilingi ngapi yakikatika. Nyumba isiyo na tangi itamfanya mkubwa abebe mitungi kabla ya shule, na tutakuwa tumerudi kule kule kwa mtoto aliyechoka saa nne. Na ukiweza, ione nyumba mvua za masika zikinyesha. Mkija Desemba hamtaziona, basi muulize jirani maji yalifika wapi ukutani mwezi wa Mei.

Mwambie mkwe wangu kwamba najua nimempa yeye mzigo wa daraja. Akitoka saa kumi na moja unusu atavuka kabla ya msongamano, na zamu za bandarini mara nyingine zitamsaidia. Yeye ni mtu mzima, anaweza kulala mapema. Mtoto wa miaka tisa akinyimwa usingizi hawezi kuja kutudai.

Njoo wewe peke yako kwanza mwishoni mwa Julai, shule zikiwa zinakaribia kufunga, ili tuzione zikiwa zinafanya kazi. Nitakupeleka kwa walimu wawili watatu niliofanya nao kazi upande ule, tutazame daftari na vyoo, kisha twende na tuktuk kutoka kila nyumba utakayoipenda hadi lango la shule. Njoo na viatu vya kutembelea. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya uhamisho ya mkubwa uviandae mapema, maana nafasi za Januari huanza kujaa kabla ya watu kurudi kutoka likizo.

Nisalimie wajukuu, na umwambie mdogo babu yake amepata kasa wa mbao wa kumchezea.

Mamako