Mpira wa steringi unavuja? Tafuta kwanza chanzo

Nilivumilia miezi miwili. Kila mwisho wa wiki nilifungua boneti, nikakuta oili ya pawa steringi imeshuka chini ya alama, nikajaza, nikafunga. Gari lina miaka 22, na nilijiambia kwamba gari la umri huo lazima litoke jasho kidogo. Asubuhi moja, wakati nakata kona, pampu ikaanza kulia: mlio mrefu unaopanda kila nikikanyaga mafuta, na usukani ukawa mzito mikononi. Pampu ilikuwa inameza hewa. Gari likifikia hapo usiendelee kuliendesha, maana oili hiyo hiyo inayosukuma usukani ndiyo inayolainisha pampu, na pampu ikikosa oili inajitafuna yenyewe kwa ndani.

Kuna jambo lingine lililonifanya niache kuahirisha. Nilipofungua boneti nilisikia harufu ya kuungua, kisha nikaona moshi mwembamba juu ya bomba la eksozi. Oili ya steringi inawaka. Ikidondokea eksozi iliyopata moto inaweza kuanzisha moto kamili, kwa hiyo anayeona moshi wa namna hiyo azime gari alichunguze kabla ya kuondoka.

Sasa kosa nililolifanya, nalisema ili lisikupate. Chini ya pampu palikuwa pameloa, nikaamua kwamba sili ya pampu, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, imekwisha. Nilifungua pampu, nikabadilisha sili, siku nzima ikaishia hapo. Baada ya siku tatu sakafuni kukawa na doa lile lile. Oili hutambaa. Inatokea juu, inafuata mpira unaopitisha oili, inazunguka pampu, upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, na mwishowe inadondokea mahali pasipohusika kabisa. Mahali inapodondokea hapakuambii inapotokea.

Ukitaka kujua, safisha kwanza. Injini ikiwa baridi, funika alteneta kwa nailoni, pulizia dawa ya kutoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo, acha pakauke. Kisha mwombe mtu akae kwenye usukani, awashe gari, auzungushe taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku wewe ukimulika kwa tochi. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyoloa. Langu lilikuwa linavuja pale mpira unapoingia kwenye pete ya chuma iliyobanwa, nyuma ya injini. Usukani ukiwa umenyooka, hapatoki hata tone. Ukifika mwisho, oili inachuruzika. Ndiyo maana fundi aliyelitazama likiwa limesimama usukani haugeuzwi alisema kila kitu kiko sawa, na hakukosea kwa alichokiona: presha hupanda sana usukani unapobanwa mwisho, inaweza kupita PSI 1,000, wakati tairi la gari dogo lina PSI 30 na kitu.

Kwa presha hiyo, tafadhali usipapase mpira kwa kidole kutafuta tundu. Oili inayotoka kwenye kitundu cha sindano inaweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama limechomwa na mwiba, kumbe ndani nyama inaharibika, na dawa yake ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo hata kama halijaanza kuuma. Tumia kipande cha boksi: kipitishe karibu na mpira, ukiona kimeloa umepata jibu. Mikono ya shati ikunjwe, maana beliti na feni viko karibu.

Mipira iko miwili, na watu huichanganya. Wa presha unatoka kwenye pampu kwenda kwenye reki ya steringi, yaani kifaa kinachogeuza matairi, na ncha zake ni za chuma. Wa kurudishia unatoka kwenye reki kurudi kwenye kikopo cha oili, na mara nyingi umebanwa kwa kilipu tu. Huu wa pili ukivuja umepata nafuu: kata mpira mpya wa kipenyo kile kile, weka kilipu mpya, umemaliza. Ila uwe mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili. Mpira wa maji ya rejeta utavimba na kuoza.

Wa presha hauna kiraka. Nimeona watu wakikata sehemu iliyopasuka, wakaunganisha kwa kipande cha bomba na vilipu viwili. Utashika kwenye gereji, utachomoka barabarani, na usukani utakuwa mzito ghafla katikati ya kona. Zile dawa za chupa za kuziba uvujaji nazo nilijaribu. Hulainisha na kuvimbisha sili za mpira, kwa hiyo zinaweza kusaidia kidogo sili iliyokauka, lakini mpira uliopasuka hazifanyi kitu.

Kama spea ya gari lako haipatikani tena, wapelekee mpira wa zamani watengenezaji wa mipira ya haidroliki. Wao hubakiza ncha zako za chuma na kubana mpira mpya katikati kwa mashine. Kabla hawajakata, chora mstari wa rangi kutoka ncha moja hadi nyingine juu ya mpira, na upige picha, kwa sababu ncha zikikaa kwa pembe tofauti na ya mwanzo mpira hautafika bila kujikunja. Waambie ni wa pawa steringi, wapate unaovumilia joto na presha yake. Baadhi ya mipira ya kiwandani ina kijibomba ndani cha kupunguza mngurumo. Wa kutengenezesha usipokuwa nacho unaweza kusikia sauti kidogo unapogeuza.

Kazi ya kufungua inahitaji subira kuliko nguvu. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nyonya oili ya kwenye kikopo kwa sirinji kubwa. Nati ya kwenye reki ilikuwa imeshika kutu, nikaipulizia dawa ya kulegeza kutu jioni, nikairudia asubuhi. Tumia spana ya nati za paipu, ile inayozunguka karibu nati yote na kuacha mwanya mdogo wa kupitishia bomba. Spana ya kawaida inakula pembe za nati, na nati ikishakuwa mviringo kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili. Ukishafungua, ziba matundu kwa kitambaa safi, mchanga usiingie.

Upande wa pampu, magari mengi yana bolti yenye tundu katikati, na washa mbili (pete laini za chuma), moja kila upande wa ncha ya mpira. Weka mpya zote mbili. Za zamani zimeshabanwa zikachukua umbo lake, hazitaziba tena vizuri. Kama kwenye reki kuna oringi, pete ndogo ya mpira, nayo iwe mpya, ipake oili ile ile ya steringi, na anza kufunga kwa vidole mpaka uhisi nyuzi zimekubali. Kukaza kwa mwisho, fuata kipimo cha kitabu cha gari lako.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mpira wangu ulikufa. Kibano kinachoushikilia kwenye bodi kilikuwa hakina bolti. Kuna aliyewahi kufungua hapo na hakuirudisha, mpira ukawa unatikisika na kuegemea eksozi miaka yote hiyo. Ningefunga mpya bila kukirudisha kile kibano, nao ungeungua vile vile. Kabla hujafunga, hesabu vibano vyote.

Kuhusu oili, soma kifuniko cha kikopo. Magari mengi ya zamani hutumia ATF, oili nyekundu ya gia za otomatiki. Mengine yana oili yake maalumu, na baadhi ya magari ya Ulaya hutumia ya kijani. Usichanganye, sili zinaweza kuharibika. Na oili ya breki usiithubutu kabisa.

Kutoa hewa ndiko kunakoharakishwa na wengi, kisha wanailaumu pampu. Matairi ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, jaza kikopo, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 20, ukiongeza oili kila inaposhuka. Subiri dakika chache. Washa injini, rudia, na usiubane usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano. Oili ikiwa na povu au imekuwa kama maziwa, bado kuna hewa: zima, acha saa nzima povu lipande juu, anza tena. Langu lilihitaji raundi tatu, na mlio ulipungua kila raundi mpaka ukaisha.

Futa oili yote iliyomwagikia eksozi kabla ya kuondoka, vinginevyo utaona moshi na kudhani umekosea. Usiku tandika boksi safi chini ya gari. Asubuhi langu lilikuwa kavu, kikopo kimeshuka kidogo tu kwa sababu ya hewa iliyobaki, nikaongeza hadi kwenye alama. Nilikagua tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na oili haikuwa imeshuka tena.