Wadogo zangu wa maabara, anzeni na blanki

Wiki hii nimepitia madaftari yenu ya maabara, ya kupima antioksidanti (viambato vinavyozuia oksidi) kwenye vyakula vya sokoni. Bidii mnayo, nimeiona, hadi ya usiku. Lakini makosa yaliyotutesa sisi mmeyarudia yote, hata moja hamkuliruka. Naandika haya kabla methanoli haijaisha.

1. Lebo ya "Dagaa, Mwaloni", yaani jina la samaki na la soko tu, haitoshi. Dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye vichanja hawako sawa, na walionyeshewa mvua wakachelewa kukauka ni sampuli nyingine kabisa. Mafuta yao huoksidika upesi yakikutana na jua na hewa. Mwulizeni muuzaji walianikwa wapi, lini, na wamekaa kwenye gunia muda gani. Halafu kuna aliyeweka michembe na matobolwa safu moja akaandika "viazi vikavu". Jamani, na mmekulia Usukumani! Michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, kwa hiyo vimeng'enya vinaendelea kula fenoli, ambazo ni antioksidanti za mimea, hadi kipande kinageuka rangi. Matobolwa huchemshwa kwanza, na moto huvizima vimeng'enya hivyo. Tenganisheni.

2. DPPH, ile kemikali ya zambarau inayopauka ikikutana na antioksidanti, ichanganywe siku hiyo hiyo, ifunikwe kwa foili, isomwe kwenye mwanga wa nanomita 517.

3. Blanki ya rangi, yaani kusoma sampuli peke yake bila kemikali ya kupimia. Hapa nitakaa kidogo, maana bado inaniuma.

Nilipokuwa kwenye uzamili nilichukua choya kavu (rosela) kwa mama mmoja muuzaji wa Igoma, Mwanza, za aina mbili: nyekundu iliyokolea na nyingine iliyopauka. Nikapima kwa DPPH. Iliyopauka ikaonekana kuwa na nguvu zaidi. Ajabu ni kwamba kila nilipoongeza dozi ya ile iliyokolea, uwezo wake ulishuka badala ya kupanda. Mtu makini angesimama hapo. Mimi niliandika kurasa nzima kueleza kwamba antioksidanti zikizidi hugeuka kuchochea oksidi. Jambo hilo lipo kweli kwenye kemia, ndiyo maana nililishika kwa urahisi. Kibaya zaidi, nikarudi Igoma kumwambia mama kwamba iliyopauka ndiyo bora. Aliniamini. Safari iliyofuata akanunua mzigo wa iliyopauka.

Msimamizi wangu alisoma rasimu, akauliza swali moja tu: "Choya peke yake bila DPPH inasoma ngapi?" Sikuwa nimepima. Antosianini, yaani rangi nyekundu ya choya, hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, mlango wa pili tu kutoka 517. Rangi ya sampuli yenyewe ilikuwa inahesabiwa kama DPPH ambayo haijaguswa. Kadiri choya ilivyokolea ndivyo ilivyoonekana dhaifu. Nilipotoa usomaji wa blanki ya rangi, matokeo yaligeuka: iliyokolea ilikuwa mbele kwa mbali.

Kurasa zangu nilizifuta kwa dakika chache. Kwenda Igoma ndiko kulikonishinda, nikaahirisha na kuahirisha. Nilipofika na kumweleza, mama hakunifokea. Alisema, "Sasa mwanangu, huu mzigo niliokwishanunua nimpelekee nani?" Sikuwa na jibu. Nilinunua kadiri mfuko ulivyoruhusu, na uliobaki akauuza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mkiniona nimekunja uso mbele ya choya, ukwaju au juisi ya zambarau isiyo na blanki yake, mjue ninamwona yule mama.

4. Folin, kemikali tunayopimia fenoli, haipimi fenoli peke yake. Vitamini C na sukari za matunda nazo huijibu, basi papai lililoiva msilisifie fenoli kabla ya kuchuja hayo.

5. Msigeuze tarakimu za kuveti, kile kichupa cha kupimia, kuwa dawa. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa Finland uliohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa, kwa asilimia 18. Wengi walitarajia kinyume chake. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani jedwali lake la ORAC, kipimo cha nguvu ya antioksidanti kwenye bomba la majaribio, kwa sababu wauzaji walikuwa wakilitumia kunadi vyakula, na uwezo wa namna hiyo hauelezi kinachotokea mwilini.

Kwa hiyo mama wa sokoni akikuuliza choya yake inatibu nini, usimpe jina la ugonjwa. Mwambie ulichopima: kwamba rangi yake imehifadhika vizuri, kwamba kuanika kivulini kumesaidia au hakukusaidia. Anaelewa mambo ya kuanika kuliko wewe, na atakuuliza maswali mazuri. Nendeni na majibu yakishahakikiwa, yawe mazuri au mabaya. Orodha ya waliotupatia sampuli msimu huu iko kwenye droo ya kwanza, na wengi wao bado hawajapata neno kutoka kwetu.