Nilivyoacha kuwa "Neema Benki"

Juzi usiku nimepata meseji ndefu ya dada mmoja, kapunguzwa kazini huu mwezi wa tatu sasa. Anasema bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anapiga pasi sare ya ofisi, anaitundika mlangoni halafu anakaa kitandani anaiangalia. "Dada, nikikutana na mtu sijui hata nijitambulishe vipi." Nimeisoma mara tatu na nimelia, kwa sababu hiyo sare naijua.

Mimi nimekaa kaunta ya benki miaka tisa hapa Mwanza na kazi niliiweza, nasema bila aibu. Kuhesabu noti kwa mkono niliwaacha wenzangu mbali, na miaka yote tisa sijawahi kufunga siku na shoti, yaani hela pungufu. Mtaani nikawa Neema Benki. Kuna siku jirani yangu hakumbuki simu kaiweka wapi, akaniomba nimpigie, ikaita chini ya kanga, nikaifunua nikaona nimeseviwa hivyohivyo, "Neema Benki". Jamani nilifurahi! Nilirudi ndani najisikia mtu.

Barua ya kupunguzwa kazi nilipewa saa tisa alasiri, kabla ya kufunga. Miezi minane ya kuzungusha bahasha siisimulii, mnaijua wenyewe. Kilichoniumiza ni kikao cha harusi ya binamu yangu. Kwenye ukoo wetu mweka hazina nilikuwa mimi, harusi zote, misiba yote, hakuna aliyewahi kuuliza. Siku hiyo nimekaa nasubiri daftari, mwenyekiti akamkabidhi mtu mwingine, akaendelea na ajenda ya vinywaji. Hakuna aliyenitukana, hakuna hata aliyeniangalia. Nilitoka kabla ya kikao kuisha nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na mpaka leo nikikumbuka lile daftari linavyopita mbele yangu roho inauma.

Shemeji yangu alikuwa anasoma ustawi wa jamii, akaniachia vitini vyake, nikawa navisoma usiku kwa vile usingizi wenyewe hamna. Humo ndo nikakutana na Henri Tajfel, mwanasaikolojia. Huyu alizaliwa Poland mwaka 1919, Myahudi, vita vikamkuta Ufaransa akaingia jeshini, Wajerumani wakamkamata 1940. Akajulikana kama raia wa Ufaransa, asili yake ya Poland akaificha miaka yote ya kifungo, maana ingejulikana pengine asingetoka hai. Alivyorudi familia yake imeuawa. Yaani uhai wake wote ulining'inia kwenye swali moja, huyu ni wa kundi gani.

Baadaye akiwa Bristol, Uingereza, akawachukua vijana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, halafu wakaambiwa wewe ni wa kundi la Klee, wewe la Kandinsky. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu tu, na hakuna aliyejua nani mwenzake. Wakapewa kazi ya kugawa pointi za hela kwa wengine, wao wenyewe hawapati kitu kwenye mgao wao. Wengi wakapendelea kundi lao, na mara nyingi walikubali hata wenzao wapate kidogo zaidi, ilimradi wale wa upande wa pili waachwe mbali. Mwaka 1979 yeye na mwenzake John Turner wakaiweka vizuri kama nadharia ya utambulisho wa kijamii, kwamba sehemu ya thamani tunayojipa inatoka kwenye makundi yetu, ndo maana tunataka kundi letu lionekane juu ya lingine.

Nilifunga kile kitini nikakaa kimya. Maana mimi nilikuwa nawaita mawakala wa pesa za simu "wale wa vibandani". Mshahara usipopanda nilijituliza kwamba angalau sikai juani. Sasa wa kwanza kunipa kazi baada ya benki alikuwa dada mwenye kibanda cha uwakala, na hajawahi hata siku moja kuniuliza ilikuwaje.

Sasa ushauri wangu dada yangu, na wengine wote mnaopambana kupanda. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika mwaka 1890 kwamba mtu ana nafsi za kijamii nyingi kama walivyo watu wanaomtambua. Hesabu zako, ziko ngapi! Mimi nilikuwa nayo moja, na ilikuwa mali ya mwajiri. Tafuta kundi lingine ambalo halijali unafanya kazi wapi. Na litafute ukiwa bado una kazi, maana ukishaachishwa unaona aibu hata kubisha hodi. Mimi niliingia kwaya nikiwa nimeshachelewa, wiki za kwanza nakaa benchi la nyuma nachezesha mdomo tu. Wazee wetu walisema cheo ni dhamana, ila sisi tunakivaa kama ngozi halafu tukivuliwa tunashangaa damu inatoka wapi. Watu wa maofisini nisikilizeni, tafuteni kundi lingine! Kikoba, kwaya, timu ya mtaa, chochote kile, ila uwe na watu wanaokuita kwa jina lingine. Kwenye simu ya mwalimu wetu wa kwaya mimi ni Neema Soprano, na nimepanda daladala Jumamosi nyingi sana kulipata hilo jina.

Na hiyo sare dada, usiichome, kitambaa ni kizuri. Yangu nilipeleka kwa fundi, akatoa nembo kifuani akabadilisha na vifungo, na ndo nguo niliyovaa leo kibandani. Nimekutumia namba ya huyo fundi inboksi.