Mumeo ana MS na hataki kutoka nyumbani? Muulize kuhusu mkojo

Dada uliyeuliza kwa nini mumeo mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) hataki tena kwenda popote, na akiulizwa anasema amechoka tu, mi nakujibu kama mgonjwa mwenzake: muulize kuhusu mkojo. Mkiwa wawili tu, maana mwanaume kutamka "najikojolea" si mchezo, mimi ilinichukua miaka miwili kumwambia mke wangu.

Nilikuwa nikifika mahali kitu cha kwanza natafuta choo kiko wapi, suruali nyeusi tu, nakaa karibu na mlango. Siku moja nimefika kwangu, funguo mkononi, nasikia inakuja, mkono unatetemeka funguo haiingii, ikatoka yote pale pale na mwanangu ndo anafungua kwa ndani. Hakusema kitu, akaenda kuchukua dekio. Tangu hapo nikawa sitoki. Usiku naamka mara nne tano, asubuhi niko hoi halafu watu wanasema ni uchovu wa MS, kumbe nusu yake ni usingizi tu sijapata.

Kosa langu kubwa nilipunguza maji. Usimwache afanye hivyo, mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu zaidi, na choo kikubwa kikikauka ndo kinakibana kabisa.

Kinachotokea ni hivi, MS inachubua ganda la neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, sasa ujumbe wa kibofu unapita humo humo. Kuna anayebanwa kabla hakijajaa, kuna ambaye kibofu kinasukuma lakini mlango wake haulegei, anatoa kidogo mwingine unabaki. Mi nilikuwa na vyote viwili na sikujua, nilidhani anayekwenda chooni kila saa hawezi kuwa na mkojo umebaki! Walinipiga ultrasaundi nikiwa nimetoka kukojoa, zikaonekana zaidi ya mililita 200. Sasa hicho kipimo akidai kabla hajaanzishiwa dawa za kutuliza kibofu kama oksibutinini, kwa sababu zinaweza kufanya ubaki mwingi zaidi (na mdomo unakauka balaa).

Mkojo unaobaki unaleta UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na UTI kwa mtu wa MS haiji na kuungua tu. Mimi miguu iligoma kabisa nikajua ugonjwa umerudi upya, kumbe maambukizi, nilivyotibiwa miguu ikarudi.

Sasa hivi natumia mpira mwembamba (katheta), najiingizia mwenyewe kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni mara kadhaa kwa siku, natoa wote, naendelea na mambo yangu. Siku ya kwanza nilitoka jasho nesi akawa ananicheka kwa upole, leo ni dakika chache tu. Wengine wanachomwa botoksi (dawa ya kulegeza misuli) kwenye kibofu dawa zikishindwa, sijafika huko.

Kabla hamjaenda kwa daktari aandike siku tatu: kanywa nini, kakojoa saa ngapi, kiasi gani kwenye kikombe cha vipimo, na wapi umemponyoka. Asipokubali kuandika, andika wewe.