Jibu: Mafunzo ya walimu kuhusu makumbusho na sanaa – ghairi ukumbi wa hoteli

Mwalimu, usilipe amana ya huo ukumbi. Ukiwa umelipa, kapiganie urudishiwe.

Nimesoma mpango wako: siku mbili hotelini Westlands, projekta, mkufunzi wa kukodi, halafu "alasiri ya mwisho, muda ukiruhusu, tutapitia makumbusho". Muda hautaruhusu. Mkufunzi atapitiliza, picha ya pamoja itapigwa, vyeti vitagawiwa, na kila mtu atakimbilia matatu kabla barabara ya Waiyaki Way haijajaa magari. Museum Hill, yaliko Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, ni pua na mdomo na hapo mlipo, na hakuna mguu utakaofika.

Sisi tulimsikiliza mshauri mmoja, koti safi, maneno matamu, aliyetwambia walimu wanahitaji nadharia kwanza. Basi tukakaa kwenye kiyoyozi tukisomewa slaidi kuhusu "ujifunzaji unaomzingatia mwanafunzi", naye hajatuuliza swali hata moja. Akatuonyesha picha ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit, ukutani. Picha! Sanamu yenyewe imesimama uani pale makumbusho, haiendi popote. Ankara yake ilifika haraka kuliko pilau. Ripoti bado naisubiri, labda iko njiani kwa punda.

Hoteli haikutuumiza sana. Kilichotuumiza kilikuja muhula uliofuata, walimu hao "waliofunzwa" walipopeleka watoto makumbusho. Wakageuka mabawabu: "Foleni moja! Usiguse! Andika haraka!" Mmoja aliwasomea watoto kibandiko cha Kijana wa Turkana, ile mifupa ya binadamu wa kale, kama tangazo la kifo redioni, ameipa mifupa mgongo. Hakuwaambia kwamba aliyegundua masalia hayo mwaka 1984 ni Mkenya, Kamoya Kimeu, kwa sababu naye hakujua. Mtoto wa Gredi ya 5 akarudi nyumbani na kurasa nzima alizonakili, baba akamuuliza umeona nini, akasema "vioo". Wazazi wakaja juu, mwalimu mkuu akafuta ziara zote. Mimi ndiye niliyekuwa nimesaini bajeti, kwa hiyo unaweza kukisia nani aliitwa ofisini.

Sasa sikia. Mwalimu afunzwe mbele ya kitu chenyewe. Kitu kimoja, nusu saa, bila kusoma kibandiko. Maswali yawe matatu: Unaona nini kinaendelea hapa? Nini kinakufanya useme hivyo? Kuna nini kingine? Wamarekani Abigail Housen na Philip Yenawine ndio waliounda mbinu hiyo, wakianzia kwenye jumba la sanaa la MoMA kule New York, na inafanya kazi vizuri tu kwa ndovu wa Marsabit. Waache walimu wabishane kuhusu urefu wa zile pembe, wakadirie, wapime kwa hatua: hiyo ni hesabu. Kisha waambie Ahmed alilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974, uwaulize kwa nini ndovu mmoja apewe ulinzi na wengine waachiwe majangili. Utapata Sayansi ya Jamii, utapata insha, na jioni watu wanafinyanga udongo. Halafu kila mwalimu achague kitu chake, awafundishe wenzake papo hapo, nao wajifanye watoto watundu. Hapo ndipo utamjua nani ameiva.

Mkufunzi usimtafute mtandaoni. Makumbusho yana maafisa wa elimu. Waandikie barua mapema, useme unataka nini, na ukatae ile ziara ya kupitishwa kila chumba mbiombio.

Chakula wabebe.

Siku ya pili wapeleke Makumbusho ya Reli, uwasimamishe kwenye lile behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Behewa hilo tu. Watakaotaka kuona garimoshi zote warudi Jumamosi na watoto wao, kwa nauli yao.