Ndimi haziingii kwenye matundu: uma wa trekta wa kuchomelea mwenyewe

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Niko Babati, nina Massey Ferguson 240 la mtumba. Ndugu yangu aliyeko Marekani alinitumia mchoro wa uma wa kubebea mizigo unaofungwa nyuma ya trekta. Ni zile seti ambazo mabamba huja yamekatwa tayari, yana ndimi na matundu, kazi yako ni kuyapachika na kuchomelea. Kusafirisha vyuma vyenyewe ilikuwa ghali, kwa hiyo nilipeleka mchoro Arusha kwenye karakana yenye plasma ya kompyuta, mashine ya kukatia mabamba, wakanikatia. Sasa nimekwama. Ndimi zimegoma kuingia kwenye matundu. Fundi wangu anataka kuyapanua kwa grenda. Anasema pia kwamba inveta yangu ya kuchomelea, ya ampea 200, ni ndogo kwa bamba la milimita 10, na kwamba bila vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 nisithubutu. Nia yangu ni kubeba magunia kumi ya mahindi kwa mkupuo, kutoka shambani hadi ghalani. Niendelee?

JIBU: Endelea, ndugu yangu, ila magunia kumi yasahau. Nitakuonyesha hesabu yake, lakini kwanza tumalize habari ya ndimi maana ndiyo iliyokukwamisha.

Hapo hajakosea mtu wa plasma wala fundi wako. Mchoro umetoka nchi ambako bamba hupimwa kwa inchi. Aliyeuchora alikusudia bamba lenye unene wa 3/8 ya inchi, yaani milimita 9.5, na tundu akalipa nafasi ya nywele tu juu ya hapo. Wewe umekatiwa bamba la milimita 10, ndilo linalouzwa kwetu. Ongeza na tabia ya plasma ya kuacha ukingo wenye mteremko kidogo, tundu likawa jembamba zaidi upande mmoja. Nusu milimita inatosha kugomesha kazi nzima. Ukiwa na vipande vya bamba la milimita 6 utakuta kinyume chake: mchoro ulitaka robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, kwa hiyo ulimi unacheza tunduni kama jino bovu.

Mwambie fundi aliache tundu. Tundu ndilo linaloshika vipimo vya seti nzima. Ukilipanua kwa grenda, mkono ukateleza upande mmoja, bamba litakaa kombo na hutajua mpaka pini zikatae kuingia. Punguza ulimi. Diski ya msasa, robo milimita upande huu na robo upande wa pili ili ulimi ubaki katikati, kisha jaribu. Ukiingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ndogo, umepata. Usiogope kwamba unapunguza nguvu. Kazi ya ulimi ni kukaa mahali pake tu, mzigo utabebwa na weldi utakayoizungusha.

Wakati grenda iko mkononi, safisha kingo zote zilizokatwa mpaka chuma king'ae. Watu wengi huruka hatua hii. Plasma inayotumia hewa ya kawaida huacha naitrojeni kwenye ukingo, na ukichomelea juu yake weldi hutoka na vitundu kama andazi. Utailaumu mashine bure.

Inchi hizohizo zinaweza kukusubiri kwenye pini. Seti nyingi za Marekani zimechorwa kwa ajili ya matrekta madogo, mfumo wa mikono mitatu (miwili ya chini na mmoja wa juu uitwao toplinki, inayoshika kifaa nyuma ya trekta) wa daraja la kwanza: pini za chini milimita 22, ya toplinki 19, upana kati ya mikono ya chini milimita 683, na kimo kutoka pini za chini hadi ya juu milimita 460. Daraja la pili lina pini za milimita 28 na 25, na upana wa 825. Shuka ukapime tundu za mipira ya mikono ya trekta lako, ile ya chuma iliyo kwenye ncha za mikono. Ukikuta 28 na seti yako ni ya 22, nunua bushi za kupunguzia. Pini nyembamba ikiachwa icheze ndani ya mpira mpana, msimu mmoja tu masikio, yaani mabamba yenye matundu ya pini, yatakuwa yamelika umbo la yai.

Sasa magunia. Nitatumia namba za mviringo. Wewe weka zako baada ya kupitisha trekta kwenye mizani ya magari, gurudumu za mbele peke yake kisha trekta zima. Tuseme trekta lina kilo 2,000, na kati ya hizo 800 zinakaa mbele. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye mipira ya mikono ni sentimita 90, na katikati ya mzigo wako, kwenye meno ya urefu wa mita 1.2, ni sentimita 60 zaidi. Mzigo basi unaning'inia mita moja na nusu nyuma ya ekseli. Uma wenyewe uhesabu kilo 120.

Magunia kumi ni kilo 1,000, kama si lumbesa. Jumlisha uma: 1,120. Zidisha kwa 1.5, gawanya kwa 2. Unapata 840. Hizo ndizo kilo zinazoondolewa kwenye gurudumu za mbele, na wewe ulikuwa na 800. Trekta litainua pua kabla hata hujakanyaga klachi. Haidroliki inaweza kumudu kunyanyua, na hapo ndipo mtego ulipo: mashine inakubali, usukani ndio unaokataa. Kanuni tunayoifuata ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki mbele, kwako kilo 400. Fanya hesabu kinyumenyume na utatua kwenye magunia manne: 400 na 120 ni 520, mara 1.5, gawa kwa 2, ni 390. Mbele panabaki 410. Manne, na mwendo wa pole, na mzigo ukiwa chini karibu na ardhi. Vyuma vya uzito vya mbele vitakuongezea kidogo, lakini pima upya kabla ya kuongeza gunia la tano. Kama kweli una mahindi ya kwenda kumi kumi, tela litakufaa kuliko uma, na wala halihitaji ujuzi huu wote.

Kuna jambo moja kuhusu mzigo wa namna hii ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Huyo Harry Ferguson ambaye jina lake limebandikwa kwenye boneti yako alipoingiza mfumo wa mikono mitatu sokoni mwaka 1936, alifikiria plau. Plau linapolima, toplinki husukumwa kuelekea kwenye trekta. Uma ukibeba magunia, toplinki huvutwa. Kwa kilo 400 zilizokaa sentimita 60 nyuma ya pini, na kimo cha sentimita 46, toplinki inavutwa kwa zaidi ya kilo 500 trekta likiwa limesimama tu, na ukipita kwenye tuta la barabara mvuto huo hupanda sana. Kwa hiyo weldi za kuzingatia kuliko zote ni zile za sikio la juu na za shina la mlingoti, ile nguzo inayobeba sikio hilo, pale inapokutana na fremu. Zungusha pande zote mbili za bamba. Kama seti haina pembetatu za kuimarisha nyuma ya mlingoti, kata mbili uongeze.

Kuhusu mashine, fundi wako ana hofu ya zamani, ya enzi za mashine za koili. Kijiti cha milimita 3.2 kinataka ampea 100 hadi 130 hivi, na inveta ya 200 inafika hapo bila kutoa jasho, hata kama namba iliyoandikwa kwenye kasha imetiwa chumvi kidogo. Tatizo la inveta vijijini ni waya. Ukivuta umeme mita 50 kwa ekstensheni nyembamba ya redio, kinachofika si umeme, ni salamu. Tumia waya mnene na mfupi, uukunjue wote chini, usiuache kwenye mviringo wake. Soma pia kibao cha mashine: kikisema asilimia 60 kwa ampea fulani, maana yake katika kila dakika 10 uchomelee 6, mashine ipumzike 4.

Bamba la milimita 10 halihitaji moto mkubwa, linahitaji mipito kadhaa. Lenga weldi yenye mguu wa milimita 8, yaani kutoka kwenye kona hadi ukingo wa weldi kwenye kila bamba. Huipati kwa mpito mmoja wa kijiti cha 3.2; piga mmoja wa mzizi, gonga magamba yote, piga brashi, halafu miwili juu yake. Kata kipande cha bati chenye kona iliyopunguzwa milimita 8 kikuwie kipimo, maana macho hudanganya na weldi pana si lazima iwe nene.

Na 7018? Ni vijiti bora, hilo sibishi. Ila ubora wake uko kwenye ukavu. Pakiti ikishafunguliwa, vijiti vikakaa nje zaidi ya saa nne bila kuwa kwenye tanuri la kuvitunza, vinafyonza unyevu, na unyevu huo unaingiza haidrojeni kwenye weldi inayoweza kupasuka kimyakimya. Vile vinavyouzwa kwa kuhesabiwa kimoja kimoja kutoka kwenye boksi lililo wazi dukani, usivichukue hata ukipewa bure. Kama unaweza kupata pakiti ndogo iliyofungwa vizuri, ifungue asubuhi ya kazi, utumie kwa masikio na mlingoti, kijiti kikiwa upande wa chanya. Ukikosa, vijiti vya kawaida vya 6013 vikavu, weldi ikapigwa kwa utulivu kwenye chuma hiki cha kawaida ni salama kuliko 7018 yenye unyevu. Najua kuna wenzangu watakaonikasirikia kwa sentensi hiyo.

Kabla ya weldi yoyote ndefu, panga seti nzima mahali tambarare, shikisha kwa nukta fupi kila kiungo, kisha pima kona kwa kona. Namba mbili zikilingana, fremu iko mraba. Halafu tafuta chuma cha mviringo kilichonyooka, cha unene wa pini, ukipitishe kwenye masikio yote ya upande mmoja, na ukiache humo muda wote wa kuchomelea. Weldi ikipoa hujikunja na kuvuta chuma nayo. Niliwahi kuruka hatua hii kwenye reki ya mteja, nikachomelea sikio la kushoto lote kwa mkupuo kwa sababu jua lilikuwa linazama. Asubuhi masikio yalikuwa yamesogeleana milimita tatu, pini haikuona njia, na nilitumia nusu siku kupasha na kugonga kitu ambacho chuma cha shilingi elfu chache kingenizuia nisikiharibu. Chomelea sentimita tano hapa, hamia upande wa pili, rudi. Na kazi yote ifanyike chini, uma ukiwa haujafungwa kwenye trekta, ili mkondo wa umeme usipite kwenye beringi na altaneta.

Meno usiyatengeneze. Nimeona watu wakichomelea paipu za mraba, wengine wakinyoosha springi za lori. Springi ni chuma chenye kaboni nyingi. Ukikichomelea bila kukipasha kwanza na kukipooza polepole kwenye majivu, kinakuwa kama glasi pembeni mwa weldi, kinakatika siku ambayo mtu amesimama chini yake. Nunua meno ya fokolifti yaliyotumika. Pima unene pale kwenye kisigino, penye kona. Yakiwa yamelika asilimia 10, kwa mfano 40 ikabaki 36, yaache. Yaning'inize kwenye fremu kwa ndoano zake yenyewe, usiyatoboe wala kuyachomelea popote.

Ukimaliza, usikimbilie rangi. Funga uma, beba magunia mawili kwa kutumia nyenzo ya nafasi (ile inayoshikilia mikono kwenye kimo ulichochagua), si ile ya kulimia, nenda mwendo wa mguu kwenye njia ya matuta, rudi. Siku ya pili beba manne. Kisha safisha viungo vya masikio na mlingoti kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa, halafu pakaze unga wa chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda tena na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mara nyingi ukingoni mwa weldi na si katikati yake. Ukiuona mstari huo, saga weldi yote mpaka ufa uishe, usiufunike kwa mpito mpya juu, kisha chomelea upya. Kipimo hicho kirudie baada ya wiki ya kwanza ya kazi. Chaki ikibaki nyeupe, paka rangi.